Pacha ambaye wengi wetu hatuna

Mfugaji wa Kabazi akiona tezi ya chini ya sikio la ng'ombe wake imevimba, hangoji kuambiwa. Atamshika masikio kupima joto, atatazama kama anacheua, kisha ataanza kupiga hesabu ya fedha alizo nazo na anazoweza kukopa kwa jirani. Ndigana kali haina subira. Ikimpata Friesian aliyenunuliwa kwa mkopo wa chama, wiki tatu hutosha: homa, kukataa kula, kuhema, povu puani, kisha shimo nyuma ya zizi. Maziwa yaliyokuwa yakilipa karo hukatika hapo hapo.

Naanza na ng'ombe kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumzia linaonekana kuwa mbali sana na wadi hii ya Subukia, kaunti ya Nakuru. Ni kazi ya kukuza maabarani seli za kinga ya mwili kutokana na seli shina za kiinitete, ili siku moja zipandikizwe kwa mgonjwa ambaye kinga yake imekufa au haikuwahi kufanya kazi. Wengi wakisikia hayo hudhani ni mambo ya Wamarekani na Wajapani. Lakini sura muhimu ya kazi hiyo iliandikwa hapa Kenya, kwa ng'ombe wetu, kutokana na ugonjwa wetu. Tumeisahau, na tukizidi kuisahau tutakuja kununua kwa bei ya kuruka kitu ambacho tulishiriki kukianzisha.

Tuuangalie ugonjwa wenyewe kwanza. Kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, hubebwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa masikioni mwa mnyama. Kupe akinyonya kwa siku kadhaa, kimelea huingia kwenye seli nyeupe za damu, zile zenye kazi ya kuulinda mwili. Hakiziui seli hizo. Kinazitawala. Seli iliyoingiwa huanza kugawanyika bila kukoma, na kila inapogawanyika kimelea nacho hugawanyika, hivyo kila seli mpya huzaliwa na mgeni wake ndani. Ndiyo maana tezi huvimba. Daktari wa mifugo akiichoma sindano tezi hiyo, akapaka tone kwenye kioo na kulitia rangi, akiinamia hadubini huviona vimelea vikiwa vidoa vidogo vya zambarau ndani ya seli za ng'ombe.

Balaa la mfugaji lilikuwa fursa kwa mtafiti. Kwa kawaida seli nyeupe ukizitoa mwilini na kuziweka kwenye chupa ya maabara hufa baada ya muda mfupi. Hizi zilizoingiwa na Theileria huendelea kuzaana wiki baada ya wiki, mwezi baada ya mwezi. Mwaka 1970, Malmquist, Nyindo na Brown, waliokuwa wakifanya kazi Muguga nje kidogo ya Nairobi, walichapisha jinsi walivyozikuza seli za wengu wa ng'ombe mwenye ndigana kali. Baadaye ikathibitika kwamba ukikiua kimelea kwa dawa, seli zinaacha kuzaana. Kwa maneno mengine, watu wa Muguga walikuwa na seli za kinga zinazoishi nje ya mwili, na dawa iliweza kuzisimamisha. Wanasayansi wa seli shina duniani kote wanahangaika mpaka leo kufikia udhibiti wa aina hiyo, kwa njia isiyohitaji kimelea.

Kilichofuata ndicho kinachopaswa kufundishwa katika kila shule ya sekondari nchini. Mwaka 1994, Declan McKeever, Evans Taracha na wenzao katika maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyokuwa Kabete, ambayo sasa ni sehemu ya taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, walichapisha jaribio lao kwa ndama mapacha wa kufanana. Pacha mmoja alikuwa ameshapata kinga ya ndigana kali. Mwenzake hakuwa nayo. Watafiti waliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa unaotoa majimaji kwenye tezi ya yule mwenye kinga, wakakusanya seli zilizokuwa zikitiririka humo wakati mwili wake unapambana na kimelea, wakazitia kwenye damu ya pacha wake. Yule aliyekuwa hana kinga akaweza kustahimili maambukizi ambayo yangemuua. Walipoliondoa kundi moja la seli kwenye mchanganyiko huo, linaloitwa CD8, kinga nayo ikatoweka. Hapo ikajulikana ni askari gani hasa anayemuokoa ng'ombe.

Huo ni upandikizaji wa seli za kinga. Ulifanyika Kenya, kwa mkono wa watafiti ambao baadhi yao ni Wakenya, miaka minne kabla ya mtu yeyote duniani kufanikiwa kukuza seli shina za kiinitete cha binadamu.

Kwa nini walihitaji mapacha? Seli za kinga zina tabia ya mbwa wa boma. Mbwa mzuri humjua mwizi na humjua mtoto wa nyumbani, naye hang'ati ovyo. Ukiazima mbwa wa jirani, mambo mawili yanaweza kutokea: wenye nyumba wamfukuze kabla hajafanya kazi, au yeye awageukie wenye nyumba akidhani ndio wezi. Madaktari wanayajua yote mawili. La kwanza ni mwili kuzikataa seli zilizopandikizwa. La pili ni seli zilizopandikizwa kuishambulia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa, nalo huua. Pacha wa kufanana ndiye peke yake ambaye mbwa wake anaweza kuhamia kwako asione tofauti.

Ng'ombe wa Kabete walikuwa na pacha. Binadamu wengi hatuna. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, lakini hata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne tu ya kuwa na alama za tishu zinazolingana kabisa na zako. Asiyepata ndugu hutafuta mgeni katika sajili za watu waliojitolea kutoa uboho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sajili ya Marekani ulionyesha kwamba mgonjwa mwenye asili ya Ulaya alikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 75 wa kumpata humo mtu anayelingana naye kikamilifu. Kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika, uwezekano ulikuwa chini ya asilimia 20. Sababu ni mbili. Bara letu lina tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko bara jingine lolote, na sisi wenyewe tuko wachache katika sajili hizo.

Hapa ndipo seli shina zinapoingia. Mwaka 1998, James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuza seli kutoka kwenye kiinitete cha binadamu chenye umri wa siku chache, kikiwa bado kitone chenye seli mia na kidogo. Seli za namna hiyo zinaweza kugeuka kuwa seli yoyote ya mwili: ya moyo, ya ini, ya damu. Zinaweza pia kuzaana bila kikomo. Matumaini yalikuwa, na bado ni, kwamba tukijifunza kuzielekeza tutaweza kumtengenezea kila mgonjwa kinga ambayo mwili wake hautaikataa, kana kwamba alizaliwa na pacha.

Kuzielekeza ndiko kwenye kazi. Seli ya kinga ya aina ya T haizaliwi ikijua kazi yake. Hutoka kwenye uboho wa mfupa ikiwa changa, ikaenda kwenye tezi ya thaimasi iliyo kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari. Humo hupimwa mara mbili: je, inaweza kutambua kitu chochote? Na je, inaushambulia mwili wake mwenyewe? Nyingi mno hushindwa na kufa humo humo. Mwaka 2002, maabara ya Juan Carlos Zúñiga-Pflücker mjini Toronto ilionyesha kwamba unaweza kuiga sehemu ya mafunzo hayo kwa kulaza seli changa juu ya seli za uboho wa panya zilizotiwa jeni moja tu inayotoa ishara ya thaimasi. Miaka miwili baadaye njia hiyo ikazalisha seli T kutokana na seli shina za kiinitete cha panya, na seli hizo zilipopandikizwa kwa panya wasio na kinga ziliweza kupigana na virusi. Huko kupigana ndiko kunakotofautisha seli inayofanya kazi na seli inayofanana tu na ya kweli chini ya hadubini.

Kwa binadamu safari imekuwa ndefu zaidi, kwa sababu seli za damu zinazotoka maabarani hupenda kubaki na utoto wa kijusi. Mnamo 2024, watafiti wa Melbourne walitangaza kwamba wametengeneza seli shina za damu ya binadamu zilizokaa na kuzaa damu kwa muda mrefu ndani ya panya. Bado ni panya. Atakayekuambia kwamba tiba hii iko tayari kwa mgonjwa wa Nakuru anakudanganya.

Na waongo wapo tayari. Mitandaoni na kwenye mikutano ya hotelini watu wanauziwa vifuko vya unga na vidonge vinavyopewa jina la seli shina, eti vinatibu kisukari, presha na saratani kwa pamoja. Seli ukiila, tumbo huisaga kama linavyosaga ugali. Mashirika ya serikali yanayosimamia dawa yanapaswa kuwafuata wauzaji hawa kwa nguvu ile ile yanayowafuata wauza dawa bandia za malaria, maana watakapokwisha kuwafilisi watu, hakuna atakayewaamini madaktari wa kweli watakapokuja na tiba ya kweli.

Liko swali lililo zito kuliko la fedha. Seli za Thomson zilitoka kwenye kiinitete, na kiinitete hicho hakikuendelea kuishi. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 26, inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Subukia ni nyumbani kwa madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria, na mahujaji wanaopanda kilima kile hawawezi kuambiwa wanyamaze eti sayansi imesema. Tena hawana sababu ya kunyamaza, kwa kuwa sayansi yenyewe imepata njia nyingine. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwa panya, na mwaka uliofuata kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa utotoni ikawa na uwezo kama wa seli ya kiinitete. Alipewa tuzo ya Nobeli mwaka 2012. Seli za Melbourne zilitengenezwa kwa njia hiyo. Ipo pia damu ya kitovu, iliyopandikizwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1988 kumtibu mtoto mmoja kwa damu ya dada yake mchanga. Katika wodi za kujifungulia za kwetu, damu hiyo kwa kawaida hutupwa pamoja na kondo la nyuma.

Msimamo wangu ni kwamba Kenya iruhusu na kufadhili njia hizi mbili waziwazi, na Bunge liseme bila kumung'unya maneno nini kifanyike kwa viinitete vinavyobaki katika kliniki za kupandikiza mimba. Watoto wa kwanza nchini waliotungwa nje ya tumbo la mama walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Mbunge Millie Odhiambo amepigania sheria ya uzazi wa kusaidiwa kwa miaka mingi. Kukaa kimya hakuvilindi viinitete hivyo. Kunawaachia wenye kliniki waamue wenyewe, na mtafiti mwaminifu hubaki hajui mpaka uko wapi.

Najua nitakachojibiwa. Kabazi kuna majosho ambayo hayajaona dawa kwa muda mrefu. Mama mjamzito bado hubebwa kwa bodaboda usiku kwenye barabara ya matope. Unatuletea habari za seli shina za nini? Ni swali la haki, na jibu lake liko kwenye ndigana kali yenyewe.

Watafiti wa Muguga walipata chanjo ya ugonjwa huu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mnyama hudungwa vimelea hai vya aina tatu vilivyochanganywa, na wakati huo huo hupewa dawa ya oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu, ili augue kidogo, apone, abaki na kinga kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yake yote. Chanjo hiyo imewafaa sana wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania, ambao huchanja ndama kwa makundi. Lakini lazima ihifadhiwe katika naitrojeni ya maji yenye baridi kali, mrija mmoja una dozi zipatazo 40, na ukishayeyushwa unatumika ndani ya saa chache au unamwagwa. Kwa mwenye ng'ombe mia hilo si tatizo. Mfugaji wa Kabazi mwenye ng'ombe wawili na ndama mmoja atawakusanya wapi majirani 20 asubuhi moja, wote wakiwa na fedha mkononi? Kwa hiyo ugonjwa uliopatiwa kinga Muguga bado unaua ng'ombe mwendo wa saa chache tu kutoka Muguga.

Wapo wanaolichukua hilo kuwa sababu ya kuachana na maabara. Mimi nalichukua kuwa sababu ya kuileta maabara karibu na zizi, tangu siku ya kwanza. Chanjo ya Muguga hutengenezwa mpaka leo kwa kusaga kupe waliolishwa kwa wanyama, kazi ya miezi, ya gharama, na isiyogawanyika kirahisi katika dozi mbilimbili. Kama tungekuwa na seli za ng'ombe zinazokuzwa kutokana na seli shina, tungeweza kuzijaribia sehemu mbalimbali za kimelea na kuona ni ipi inayoziamsha seli za CD8, mpaka tupate chanjo isiyohitaji kimelea hai wala mtungi wa naitrojeni. Mlango uko wazi: seli shina za kiinitete cha ng'ombe zilipatikana kwa njia ya kuaminika mwaka 2018, katika kazi iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha California kule Davis. Nasi si wageni wa fani hiyo. ILRI ilimzalisha fahali wa aina ya Boran, Tumaini, mwaka 2012, kutokana na seli zilizokuwa zimekuzwa maabarani, katika mradi wa kutafuta ng'ombe asiyeugua nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Tuna vituo vya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, Naivasha na Lanet, na Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro. Kazi ya seli shina za mifugo ingekuwa na makao yake Nakuru kwa haki kabisa.

Ng'ombe akitangulia, binadamu atafuata njia iliyokwisha kufyekwa. Mafundi wale wale wanaojifunza kulea seli za ndama kwa usafi, kuzigandisha na kuzipima kama zinapigana, ndio watakaozilea za watu. Dodoma wameshaonyesha kwamba haya si ya nchi tajiri peke yake: Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Wakenya wengi wanaohitaji huduma kama hiyo bado hufanya harambee na kupanda ndege kwenda India.

Kuna na pendekezo la pili, ambalo halihitaji maabara mpya hata moja. Nakuru ina kituo cha damu cha kanda, chini ya shirika la taifa la damu na upandikizaji. Kila anayejitolea damu hapo angeulizwa kama anaridhia mrija mmoja zaidi upimwe alama za tishu na jina lake liwekwe kwenye sajili. Baada ya miaka michache tungejua Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Waturkana na wengine wote wanaoishi Bonde la Ufa wana alama zipi, na ni nani anayeweza kumfaa nani. Ujuzi huo ungefaa leo kwa upandikizaji wa uboho, na ungefaa zaidi kesho. Seli za kinga za maabarani zitatengenezwa kwanza kwa alama za tishu zinazojulikana. Ambao alama zao hazijaandikwa popote watakuwa wa mwisho kutengenezewa.

Tumeshaona inavyokuwa. Timothy Ray Brown alipona virusi vya UKIMWI baada ya kupandikizwa uboho mjini Berlin mwaka 2007, na Adam Castillejo akafuata London. Wote wawili walikuwa na saratani ya damu au ya tezi, na wote walipata mtoaji ambaye seli zake zilikosa mlango ambao virusi hivyo hupitia. Mabadiliko hayo ya jeni yapo kwa baadhi ya watu wa Ulaya Kaskazini na ni nadra sana kwetu. Lakini tangu 1985, Frank Plummer wa Kanada na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwafuatilia wanawake wa Majengo, Pumwani, waliokuwa wakiuza ngono. Baadhi yao walikutana na virusi mwaka baada ya mwaka wasiambukizwe, na uchunguzi ukakuta kwao seli T zinazovitambua. Seli hizo zilikuwa za Waafrika na zilitoa somo kwa dunia nzima. Kwa hiyo sajili yetu iandamane na mikataba inayosema wazi seli ni za nani, na faida ikipatikana inarudi kwa nani.

Sheria yetu ya sayansi na uvumbuzi ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Hatujawahi kuifikia. Mwakilishi wa wadi, mbunge na gavana watakaokuja Kabazi kuomba kura waulizwe mambo matatu, na waulizwe na wafugaji. Kwanza, josho litatiwa dawa lini, na chanjo ya ndigana itawafikiaje wenye ng'ombe wawili? Pili, kituo cha damu cha Nakuru kitaanza lini kupima alama za tishu? Tatu, hizo asilimia 2 ziko wapi? La kwanza bila la tatu litatuacha tukitegemea kupe wa kusagwa kwa miaka mingine 50. La tatu bila la kwanza litatupa makala nzuri katika majarida ya Ulaya na ng'ombe wale wale shimoni. Anayejibu moja na kuruka mengine hajajibu.